MTOTO WA PANGANI NA SHULE YAKE

Lipo neno ambalo limesemwa kwa muda mrefu mno juu ya watu wa Pwani, nalo limerudiwa mara nyingi hata baadhi ya watu wa Pwani wenyewe wamelikubali. Neno lenyewe ni kwamba mtu wa Pwani hapendi shule. Husemwa barazani, husemwa maofisini, na kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatokapo husemwa tena kwa sauti kubwa zaidi. Tumeona yafaa leo tulichukue neno hili, tuliweke mezani na kulipima kwa mizani ya haki. Ikiwa ni la kweli, basi tutafute dawa yake. Na ikiwa ni la uongo, basi tulitupe baharini lisizidi kuwadhuru watoto wetu.

Sisi twasema ni la uongo. Tena ni uongo wenye hatari, kwa sababu humpa kila mtu udhuru. Mzazi asiyempeleka mtoto wake shule husema, "Ndiyo desturi yetu." Mwalimu aliyekata tamaa husema, "Watoto wa huku ndivyo walivyo." Mkubwa wa ofisi asiyeleta vitabu husema, "Hata nikivileta, nani atavisoma?" Hivyo kosa la watu wengi hugeuzwa kuwa tabia ya mahali pamoja, na tabia haina mtu wa kuulizwa. Tunataka watu waulizwe.

HISTORIA YASEMA NINI?

Kabla Mjerumani hajatia mguu katika nchi hii, miji ya Pwani ilikuwa na vyuo vya Kurani, na watu wake waliandika barua, hesabu za biashara na mashairi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Aliyehesabu herufi za Kizungu peke yake ndiye aliyeweza kuwaita watu hao wajinga.

Katika mwaka wa 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipotaka kutawala Pangani, watu wa Pangani walikataa, na vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vikaenea Pwani. Tarehe 15 Desemba, 1889, Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani. Haikupita miaka 5, dola ile ile iliyomnyonga ikawaambia wazee wa Tanga: leteni watoto wenu tuwafundishe. Ndugu msomaji, jiweke katika nafasi ya mzee wa siku zile. Nani atamlaumu aliyesita? Kusita kwake hakukuwa ujinga. Kulikuwa ni kumbukumbu.

Lakini pamoja na kusita huko, watoto walipelekwa. Shule ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya Serikali katika bara hili la Tanganyika, na baadaye shule nyingine za Serikali zikafunguliwa katika miji ya Pwani, Pangani ikiwa mojawapo. Wanafunzi wa Tanga walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, na mafunzo hayo yalitolewa kwa Kiswahili. Walifundishwa useremala na uchapaji. Walikuwa na bendi yao ya tarumbeta. Na gazeti la Kiongozi, lililosomwa Pwani na bara kwa muda wa miaka zaidi ya 10 mpaka vita vilipolikomesha katika mwaka wa 1916, lilichapwa katika shule hiyo, vijana wa Kiafrika wakipanga herufi za risasi kwa mikono yao wenyewe, moja moja, mpaka ukurasa ukajaa.

Basi na tuulize: je, hao ndio watu wasiopenda shule? Kijana wa Tanga alikuwa akichapa gazeti kwa lugha yake katika wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi ilikuwa haijaona kitabu. Mtu akitaka kusema kwamba Pwani ilichelewa kuamka, sharti kwanza aeleze habari hiyo.

Hata hivyo, hatutaki kuipamba shule ile kuliko ilivyostahili. Mjerumani hakuijenga kwa mapenzi. Alitaka makarani, wakalimani, walimu na maakida wa kumsaidia kutawala na kukusanya kodi kwa gharama ndogo. Mwanafunzi alisifiwa kwa kadiri alivyomfaa bwana wake. Lakini elimu ni kitu cha ajabu. Humtumikia aliyeinunua kwa muda tu, kisha humfungua macho aliyenayo. Katika mwaka wa 1922, katika mji huo huo wa Tanga, Martin Kayamba na makarani wenziwe waliunda chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, chama ambacho wanahistoria hukitaja miongoni mwa vile vilivyotangulia kuwafundisha watu wa nchi hii kukaa pamoja, kuandika kumbukumbu za mkutano na kudai haki zao kwa hoja. Wasomi waliotazamiwa kuwa vidole vya Serikali ya kigeni walianza kuwa ulimi wa wananchi.

MICHE 62 YA KIKOGWE

Pangani ina kisa chake chenyewe ambacho kila mtoto wa shule angepaswa kukijua. Katika mwaka wa 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani, na kutokana nayo yakatoka mashamba yaliyoenea Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko, hata Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge.

Utajiri huo ulitoka Pangani, lakini haukujenga shule Pangani. Mkonge ulitaka mikono, haukutaka vichwa. Watu waliletwa kutoka mbali kwa mikataba, wakakaa kambini, wakakata majani tangu alfajiri, na watoto wao wakakua katikati ya mistari ya mkonge bila ya daftari. Mwenye shamba hakuona faida ya kumfundisha mtoto ambaye alitazamiwa kushika panga la baba yake. Neno "hawapendi shule" halikuanzia kwa wazazi hao. Lilianzia kwa wale waliofaidika kutokana na kutokuwapo kwa shule.

Utawala wa Kiingereza nao ulikuwa na njia yake. Katika mwaka wa 1925 ilifunguliwa Shule ya Tabora, ambayo hapo mwanzo ilikusudiwa zaidi wana wa machifu. Shule nyingine nyingi zilikuwa za misheni, na zilifanya kazi kubwa ambayo mtu wa haki hawezi kuikana. Lakini mzazi Mwislamu wa Pangani aliyeogopa kwamba mtoto wake angerudi na dini nyingine alibaki na njia chache sana, na kijana wake, hata akiwa hodari namna gani, aliikuta ngazi imekatika baada ya vidaraja vichache.

Mfano mkubwa ni Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka wa 1909 huko Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam katika Shule ya Msimbazi tangu 1922 hata 1926, akapata cheti chake miongoni mwa wanafunzi wachache wa wakati ule, kisha akawa karani wa forodha, na Pangani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vya kazi. Hakuingia shule ya juu wala chuo kikuu. Alijisomea mwenyewe usiku baada ya kazi, na alipofariki mwaka wa 1962 alikuwa ameiachia lugha ya Kiswahili hazina ambayo vyuo vikuu vya dunia vinaisoma. Watu hupenda kumtaja kwa kujivuna, nasi twajivuna naye. Lakini fahari hiyo ina uchungu ndani yake. Yeye alipenya peke yake. Ni wangapi wa rika lake, wenye akili kama yake au karibu yake, waliobaki kupakia magunia katika forodha ile ile kwa sababu hapakuwa na shule ya kuwapokea?

ELIMU NI YA NANI?

Nchi ilipopata uhuru katika mwaka wa 1961, wanafunzi wote wa sekondari katika Tanganyika walikuwa 11,832, na waliokuwa katika Kidato cha Sita walikuwa 176 tu. Hiyo nayo ilikuwa miche michache ya kupanda nchi nzima. Serikali ikafuta ada ya sekondari katika mwaka wa 1964, na kufikia mwaka wa 1967 wanafunzi wa sekondari walikuwa 25,000, na wa Kidato cha Sita 830. Waliolipa gharama hiyo ni wakulima wa pamba, kahawa na korosho, na wakata mkonge, ambao wengi wao walikuwa hawajui kuandika majina yao.

Ndiyo maana jambo la tarehe 22 Oktoba, 1966, liliumiza watu. Siku hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine waliandamana Dar es Salaam mpaka Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Walilalamika juu ya fedha watakazokatwa katika mishahara ambayo bado hawajaanza kuipata. Rais Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu, aliwarudisha makwao karibu 400, na siku hiyo akaupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba adhabu ile ilikuwa kali, na vijana wale walikuwa na hoja waliposema kwamba wakubwa walikuwa wakijilipa vizuri mno. Lakini swali lililoulizwa siku ile halijazeeka: aliyesomeshwa kwa jasho la wengine ana deni au hana?

Miezi michache baadaye, Machi 1967, ikatoka siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Yako mengi yaliyoharibika katika kuitimiza. Pengine shamba la shule liligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji, na pengine mazao yake yaliishia pasipojulikana. Lakini msingi wake ulikuwa kweli: kwamba shule isiwafundishe wachache kuwakimbia wengi. Twalikumbusha neno hili kwa sababu siku hizi tumerudi kuyapima mafanikio ya shule kwa kipimo kimoja tu, nacho ni hesabu ya waliopata daraja la kwanza. Daraja la kwanza ni jambo jema, na mwanafunzi aliyelipata tunampongeza. Lakini shule iliyotoa vijana 5 wa daraja la kwanza na kuwaacha 100 wakaondoka bila ya ujuzi wowote bado haijafanikiwa. Imebahatika tu.

SIKU YA MWANAFUNZI

Sasa tuje kwa mtoto wa leo. Nchi imesonga mbele, na asiyeona hivyo hataki kuona. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari uliposhika kasi baada ya mwaka wa 2004, shule za kata zimejengwa mpaka mahali ambapo zamani palikuwa na mnazi na mwambao tu. Tangu Januari 2016 ada ya Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne imefutwa, na katika mwaka wa 2022 ikafutwa ya Kidato cha Tano na cha Sita. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatishwa masomo kwa sababu ya uzazi aweza kurudi darasani. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka wa 2025 imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Hayo ni mambo makubwa. Mzee aliyekata mkonge Kikogwe angeyasikia angedhani anaota.

Lakini mlango ukiwa wazi si kwamba aliye nje ameingia. Tazama siku ya mwanafunzi wa Pangani. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Anachota maji, anafagia, kisha anashika njia. Huenda akatoka upande wa Mwera, huenda upande wa Madanga, na njia yake yapita katikati ya minazi au katikati ya mkonge. Wa ng'ambo ya Bweni, kwa miaka mingi, ameungoja mto. Kivuko kikiharibika au maji yakichafuka, somo la kwanza limekwisha kabla hajafika. Ujenzi wa daraja la Mto Pangani, lenye urefu wa mita 525, umeleta matumaini makubwa kwa watu hao, nasi twafurahi pamoja nao. Wa Kipumbwi na Mkwaja wana umbali wao wenyewe.

Anafika darasani ametoka jasho, na tumbo lake lina chai ya rangi. Saa sita inapofika, kama shule yake haina chakula, hakuna akili inayoingia tena. Mwalimu aweza kuandika ubao mzima. Mtoto anayatazama maandishi kama atazamaye mashua iliyo mbali. Jioni anarudi kwa miguu, na giza likiingia kuna kazi za nyumbani, na taa pengine hakuna. Huyo ndiye tunayemwambia kwamba hapendi shule!

Na huko pwani, bamvua likitoka, au samaki wakishika, nahodha anatafuta mikono. Mvulana wa miaka 15 akienda usiku mmoja arudi na fedha mkononi, mama yake anapika, wadogo zake wanakula. Shule yamwambia angoje miaka 4; bahari yamlipa asubuhi. Tusimtukane mtoto huyo wala mama yake. Lakini tumwambie ukweli ambao wavuvi wazee wanaujua: mkono wa kuvuta nyavu hulipwa mara moja, na hubaki ukivuta nyavu mpaka uzeeni. Mwenye mashine ya boti, mwenye kujua kuitengeneza, mwenye kujua kuhifadhi samaki kwa barafu na kupiga hesabu ya soko la Tanga, ambalo liko kilomita kama 50 tu, huyo ndiye apatae fungu kubwa. Ujuzi huo wafundishwa. Mkondo wa elimu ya amali ulioanzishwa katika sekondari mwaka wa 2024 umekusudiwa mambo kama hayo, na twataka uifikie Pangani ukiwa na vyombo na mafundi, si kwa jina tu. Shule ya Tanga ilifundisha useremala na uchapaji zaidi ya miaka 100 iliyopita. Itakuwa aibu kubwa ikiwa karne hii itafanya kidogo kuliko ile.

Msichana naye ana mzigo wake. Akifika Kidato cha Pili huanza kusikia maneno ya posa, na njiani wapo watu wazima wasio na haya wanaomngojea na vijizawadi, na wengine wanampakia pikipiki bila ya nauli. Sheria iliyobadilishwa mwaka wa 2016 yasema kwamba ampaye mwanafunzi mimba hufungwa miaka 30. Lakini sheria haina miguu. Haiendi mahakamani ikiwa wazazi wa pande mbili wamekutana usiku, wakapeana mbuzi na fedha, wakayamaliza. Mzazi afanyaye hivyo ameuza miaka yote ya mtoto wake kwa bei ya mbuzi mmoja.

MTOTO ALIYEFANYWA BUBU

Liko jambo jingine ambalo hulionei haya kulisema mpaka ukae darasani uone. Mtoto wa Pangani amezaliwa ndani ya Kiswahili. Akiwa shule ya msingi hujibu, huuliza, hubisha, hutunga. Ghafla anaingia Kidato cha Kwanza, na masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo haisikii nyumbani, wala sokoni, wala baharini. Siku moja tu, mtoto aliyekuwa msemaji anakuwa bubu. Anakariri asiyoyaelewa, na katika mtihani anaandika aliyoyakariri mahali pasipo pake. Kisha matokeo yakija twasema hana akili.

Hatusemi Kiingereza kifukuzwe. Ni lugha ya manufaa, na mtoto wa maskini ana haki nayo sawasawa na mtoto wa tajiri. Twasema mambo mawili. La kwanza, maadamu ndiyo lugha ya sekondari, basi kifundishwe vizuri tangu shule ya msingi na mwalimu anayekijua, maana huwezi kumtupa mtu katika kina kirefu kisha umlaumu kwa kuzama. La pili, wakubwa wa elimu wasichoke kulitazama upya swali la lugha ya kufundishia. Dunia imekipa Kiswahili siku yake, tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza katika mwaka wa 2021. Si haki lugha iliyopewa heshima hiyo ulimwenguni iwe inanyimwa kiti katika darasa la fizikia la Pangani, ilhali vijana wa Tanga walijifunza kazi ya mitambo ya kuchapa kwa Kiswahili hicho hicho kabla ya 1914.

WAJIBU WETU

Maneno bila ya kazi ni povu. Kwa hiyo tunataja kazi, na kila mmoja ajue fungu lake.

Wazazi: elimu bila ya ada haina maana ya elimu bila ya mzazi. Serikali imeondoa ada. Haikuondoa njaa ya saa sita mchana. Kijiji chenye minazi, muhogo na samaki hakishindwi kuwapikia watoto wake mlo mmoja. Asiye na fedha atoe nazi, atoe muhogo, atoe kuni, atoe siku moja ya kupika. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hesabu ya vitu hivyo isomwe hadharani mbele ya waliovitoa, kwa sababu mchango usiosomwa hufa mwaka wa pili.

Wafanyakazi wa mashamba, wa bandari na wa maofisi: ninyi mna vyama vyenu, nanyi mwajua kukaa na mwajiri na kudai. Mnapodai mshahara, daini pia kwamba mtoto wa kambini asionekane shambani siku ya shule, na kwamba kambi iliyo mbali iwe na njia ya kuwafikisha watoto shuleni. Mfanyakazi anayejua kusoma mkataba wake asiridhike kuzaa mtoto asiyeweza kuusoma.

Mabalozi wa nyumba kumi: hakuna afisa anayewazidi kuijua mitaa. Katika nyumba kumi, balozi hukosaje kujua ni watoto wangapi wamefikia umri wa sekondari, wangapi wanakwenda, na nani ameacha tangu wiki iliyopita? Na aandike majina yao katika daftari, ampelekee mwalimu mkuu kila mwezi. Mtoto akikosekana siku tatu, mtu abishe hodi nyumbani kwake. Kazi hii haina gharama ila karatasi na nia.

Madiwani na Halmashauri: bweni la wasichana litangulie majengo ya fahari. Msichana anayelala shuleni hakutani na yule mwenye pikipiki. Nyumba ya mwalimu nayo ni sehemu ya shule. Mwalimu wa hesabu aliyekosa pa kulala Mkwaja ataomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha, naye hakosei kwa kutaka paa. Na maabara yenye kuta bila ya vyombo haifundishi kemia.

Walimu: twajua uzito wenu. Darasa limejaa, mshahara hautoshi, na lawama zote huishia kwenu. Lakini neno moja lenu aweza kulibeba mtoto maisha yake yote. Msilitumie kumwambia kwamba watu wa kwao hawasomi.

Na ninyi wanafunzi: msijidharau, wala msijione. Anayejidharau amekubali uongo wa zamani. Anayejiona amesahau nani aliyemlipia. Yule mama anayelima mwani, yule baba anayekata mkonge, na yule mtu wa Sumbawanga au Kagera msiyemjua, wote wametia senti yao katika daftari mnaloandikia. Mkifaulu, rudini mwonekane. Daktari aliyetoka Pangani akikaa siku moja na watoto wa Kidato cha Pili huwafundisha zaidi ya mabango 10 ya kuhimiza elimu. Na wewe ambaye cheti chako kimekuja na alama hafifu, usijifiche. Fundi hodari, mvuvi mwenye hesabu, mkulima anayesoma mambo ya mbegu, hao nao ni matunda ya shule, na nchi inawahitaji.

Tumeanza na neno moja la uongo, nasi twamaliza kwa kuliagiza liondoke. Miche 1,000 ilitumwa, 62 ikaishi, na nchi nzima ikafunikwa na mkonge; walioipanda hawakuketi kuilaumu ile 938 iliyokauka kwamba haikupenda udongo wa Kikogwe. Walitafuta kivuli, maji na mtu wa kuitunza ile iliyobaki. Watoto wetu ni bora kuliko mkonge. Wape chakula, wape njia, wape lugha wanayoielewa, wape mwalimu aliyetulia, uwalinde mabinti. Baada ya hayo, kama bado yuko mtoto wa Pangani asiyetaka shule, mleteni, nasi tutakubali kusema naye. Kabla ya hayo, mwenye kuulizwa si mtoto. Ni sisi.